RAFAELI, DAWA YA MUNGU
Fundisho juu ya malaika wa wagonjwa na wasafiri

Katika majeshi yote ya malaika Kanisa latutajia watatu tu kwa majina: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Mikaeli twamjua kwa vita vyake na yule mwovu. Gabrieli twamkumbuka kila tunapotafakari habari aliyompasha Bikira Maria. Rafaeli ndiye anayesahauliwa. Watoto wengi wa nchi yetu wamebatizwa kwa jina lake, lakini ukimwuliza mzazi habari za somo wa mwanawe, mara nyingi atakujibu kwamba ni malaika wa wagonjwa, kisha atanyamaza.

Tumeona vema kumweleza malaika huyu kwa wasomaji wetu, wala si kwa ajili ya kuongeza elimu tu. Fundisho lake lagusa jambo linalozisumbua nyumba zetu nyingi: mtu wetu akiugua, yatupasa kumfanyia nini? Na anapotokea mtu akisema kwamba ana uwezo wa kuponya, tumpime kwa kipimo gani?

JINA LAKE

Jina Rafaeli ni la Kiebrania, na maana yake ni "Mungu anaponya". Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 590 hata 604, aliwafundisha Wakristo wake kwamba majina ya malaika hawa yatuambia kazi waliyotumwa, naye Rafaeli alimwita dawa ya Mungu. Angalieni vema, wasomaji: jina halisemi kwamba malaika anaponya. Lasema kwamba Mungu anaponya. Malaika ni mtumwa aliyechukua dawa ya Bwana wake, kama vile mtoto anayetumwa na baba kumpelekea jirani mgonjwa kikombe cha uji. Mgonjwa humshukuru mtoto, lakini ajua uji umetoka kwa nani.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliliheshimu jina hili. Katika mapokeo yao, wale wageni watatu waliomfikia Ibrahimu hemani kila mmoja alikuwa na ujumbe wake, na Rafaeli ndiye aliyekuja kumponya mzee huyo. Kitabu cha Enoki, ambacho Kanisa la Ethiopia lakihesabu kati ya vitabu vyake vitakatifu, chamtaja Rafaeli kuwa amewekwa juu ya magonjwa na majeraha ya wanadamu. Hata leo Wakristo wa Ethiopia huiadhimisha sikukuu yake siku ya tatu ya mwezi wao mfupi wa Pagume, ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 8 Septemba. Na mvua ikinyesha siku hiyo, watu hutoka nje ili iwanyeshee, wakiihesabu kuwa maji ya baraka.

Sisi Wakatoliki twamjua Rafaeli hasa katika Kitabu cha Tobiti, ambacho Mtaguso wa Trento ulikithibitisha mwaka 1546 pamoja na vitabu vingine vya Maandiko. Wako waliodhani kwamba kitabu hiki ni cha Kigiriki tu, wala hakikuwa na asili katika lugha za Wayahudi. Lakini mwaka 1952, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, vilipatikana vipande vya nakala zake za kale, nne za Kiaramu na moja ya Kiebrania.

Kanisa limekuwa na uangalifu mwingi katika jambo la majina. Mwaka 745 Papa Zakaria na sinodi yake ya Roma walikataza kuwaomba malaika kwa majina yaliyobuniwa na watu, wakabakiza haya matatu ya Maandiko. Agizo hilo lilikumbushwa tena na Roma mwaka 2001. Basi mtu akikuuzia karatasi yenye orodha ya majina ya malaika wa utajiri, wa mapenzi na wa mitihani, ujue kwamba hiyo si ibada ya Kanisa.

HABARI YENYEWE KWA UFUPI

Tobiti alikuwa mtu mwadilifu aliyechukuliwa mateka Ninawi. Alikuwa na desturi ya kuwazika Waisraeli wenzake waliotupwa bila mazishi, ingawa jambo hilo lilimhatarisha. Usiku mmoja, baada ya kuzika, alilala uani kando ya ukuta, na mavi ya ndege yakamdondokea machoni. Ukamwota utando mweupe. Akawaendea waganga, lakini kadiri walivyompaka dawa zao ndivyo macho yake yalivyozidi kufifia, hata akapofuka kabisa. Mkewe Ana akawa hana budi kufanya kazi za mikono ili wapate kula. Umaskini ukaleta ugomvi nyumbani, na Tobiti akamwomba Mungu amchukue.

Siku ileile, katika mji wa mbali wa Ekbatana, binti mmoja jina lake Sara alikuwa naye akilia. Aliozwa kwa wanaume saba, na wote saba walikufa usiku wa arusi kwa kazi ya pepo mbaya Asmodeo. Mjakazi wa nyumbani akamtukana kwamba yeye ndiye anayewaua waume zake. Sara akapanda chumba cha juu akitaka kujinyonga. Kisha akamkumbuka baba yake, akaona aibu itakayompata mzee huyo, akasali badala yake.

Sala mbili zikapanda saa moja, na Mungu akamtuma malaika mmoja kuwaponya wote wawili. Lakini tazameni jinsi alivyokuja. Hakushuka na ngurumo. Alisimama njiani kama kijana msafiri, akajiita Azaria, akaajiriwa kwa ujira wa drakma moja kwa siku amsindikize Tobia mwana wa Tobiti kwenda Umedi kuchukua fedha ya baba yake. Mbwa wa kijana akawafuata. Kwenye mto Tigri samaki mkubwa akaruka kutaka kumshika Tobia mguu. Malaika akamwambia amkamate, ampasue, na kuhifadhi nyongo, moyo na ini. Kwa moshi wa moyo na ini pepo yule alimkimbia Sara. Kwa nyongo Tobiti alipata kuona tena. Usiku wa arusi Ragueli, baba yake Sara, aliwaamuru watumishi wachimbe kaburi kwa siri, kwa maana hakutumaini kwamba mkwe wake ataamka hai. Kabla ya mapambazuko kaburi lile likafukiwa tupu.

Walipotaka kumlipa Azaria nusu ya mali yote waliyoleta, ndipo alipojifunua kuwa ni Rafaeli, mmoja wa malaika saba wasimamao mbele ya Bwana. Hakuchukua kitu. Aliwaagiza wamshukuru Mungu, akapaa.

ALAMA ANAZOCHORWA NAZO

Wachoraji wa Kikristo humwonyesha Rafaeli na alama tano, nasi twaweza kuzieleza kwa watoto wetu mojamoja.

Fimbo na kibuyu ni za msafiri. Zatuonyesha kwamba uponyaji ni safari, wala haupatikani siku zote mahali tulipoketi. Tobiti hakupona siku aliyosali. Alipona mwanawe aliporudi kutoka mbali.

Samaki ni ile hatari iliyogeuka kuwa dawa. Kilichotaka kumwangusha kijana mtoni ndicho kilichomrudishia baba yake macho. Wakristo wa kwanza, ambao samaki kwao ilikuwa alama ya siri ya Kristo, waliona hapa mfano wa Bwana wetu, ambaye mauti yake imekuwa uzima wetu.

Kikebe cha dawa ni kwa ajili ya nyongo. Ni kitu kichungu, ambacho mpishi hukitoa kwa uangalifu asije akaharibu kitoweo, lakini Mungu alikitumia. Twafundishwa kwamba dawa ya Mungu yaweza kuwa chungu.

Mbwa ni alama ya uaminifu. Ametajwa alipotoka, akatajwa tena aliporudi.

Mwisho ni mkono wa malaika uliomshika kijana. Rafaeli hakumtuma Tobia peke yake akabaki akimwombea. Alikwenda naye.

IPOGOLO, NJIA YA WASAFIRI NA WAGONJWA

Wenyeji wa nyanda zetu za juu za kusini hawana haja ya kwenda Tigri ili waielewe habari hii. Ipogolo iko chini ya kilima cha Iringa, karibu na Mto Ruaha Mdogo, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia yapita bila kupanda mjini. Hupita hapo malori ya shaba na mafuta, na mabasi ya abiria waliokwisha kupandishwa Mlima Kitonga wakishika viti kwa mikono miwili.

Kati ya abiria hao wamo wagonjwa. Wengine waenda Tosamaganga, kwenye hospitali ya Jimbo la Iringa, katika misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, ikaendelezwa na Wamisionari wa Consolata walioingia Iringa mwaka 1919. Wengine waendelea Mafinga, Makambako na Njombe, kisha wapanda milima ya Makete hata Ikonda, ambako Wamisionari haohao walijenga hospitali katika miaka ya 1960. Watu hutoka mikoa ya mbali kwenda huko. Mama amemlaza mtoto mapajani, mzee amefunikwa blanketi, na kando yake yuko kijana wa ukoo aliyeacha shamba lake ili amsindikize. Kijana huyo, ajue asijue, afanya kazi ya Azaria.

Lakini barabara ileile iletayo tabibu yaweza kuleta ugonjwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, na vivyo hivyo Njombe, zaidi ya watu wazima 11 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ambapo kwa nchi nzima walikuwa kama 5 katika 100. Hizi si hesabu za kuwanyoshea watu vidole. Kila moja ni baba wa mtu, mama wa mtu, au mtoto aliyezaliwa hivyo.

SALA NA DAWA

Hapa ndipo fundisho la Rafaeli linapotuhusu zaidi. Wako watu wanaosema kwamba mwenye imani ya kweli hahitaji dawa, na kwamba kumeza vidonge baada ya kuombewa ni kumtilia Mungu mashaka. Twawauliza: je, malaika asimamaye mbele ya kiti cha Mungu hakuwa na imani? Mbona basi alimwagiza Tobia ahifadhi nyongo ya samaki? Angaliweza kumponya Tobiti kwa neno moja, tena bila safari. Hakufanya hivyo. Alimfundisha kijana dawa, akamwelekeza namna ya kuipaka, na mkono wa mwana ndio uliobandua utando katika macho ya baba.

Wala tusidhani kwamba kitabu hiki chawasifu waganga tu. Chasema waziwazi kwamba waganga wa kwanza walishindwa. Tabibu ni mwanadamu. Aweza kukosea, na dawa yaweza kukataa. Lakini kushindwa kwa mmoja hakukumfanya Mungu aitupe njia ya dawa. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi yake. Amwagiza mgonjwa asali, atubu dhambi zake, kisha ampe tabibu nafasi. Yote mawili yameagizwa pamoja.

Mwaka 2011 nchi yetu iliona maelfu ya watu wakimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliofariki njiani. Hatuwahukumu waliokwenda, mwenye maumivu hutafuta. Tunachosikitikia ni wale waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao za virusi vya UKIMWI au za kisukari, wakiamini wamekwisha kupona. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini bila malipo mwaka 2004, na mtu anayezitumia kila siku aweza kulea watoto wake hata wakawa watu wazima. Kuziacha kwa neno la mtu asiyepima damu ni kuichezea roho ambayo Mungu amempa.

KIPIMO CHA MPONYAJI

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa sala, walipokuwa wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kweli. Tuwaombee. Nasi tujifunze kupima.

Rafaeli atupa vipimo vitatu. Kwanza, hakujitangaza. Alificha jina lake mpaka kazi ilipokwisha, akalifunua ili Mungu asifiwe. Pili, hakutajirika. Alipatana ujira wa kibarua, na alipotolewa nusu ya mali aliikataa. Tatu, hakuwatenga wagonjwa na watu wao. Alimrudisha mwana kwa baba, akampatanisha mke na mume, akamfungulia Sara mlango wa nyumba mpya. Mponyaji anayejisifu, anayetoza fedha kwa kila sala, na anayemwambia mgonjwa kwamba aliyemloga ni shangazi yake, huyo amekwenda kinyume cha Rafaeli katika mambo yote matatu.

Kanisa halikatazi kuwaombea wagonjwa wapone. Lafanya hivyo kila siku. Tarehe 14 Septemba 2000 Roma ilitoa maagizo juu ya sala za kuomba uponyaji, ikataka zifanyike chini ya uangalizi wa askofu, kwa utulivu, bila vituko wala kelele za kuwahamasisha watu. Tena tunayo Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Wengi bado huiogopa, wakidhani padre akiletwa ni dalili ya kifo. Mtaguso wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu waliofikia pumzi ya mwisho, na Papa Paulo VI aliutengeneza upya utaratibu wake mwaka 1972. Mwenye ugonjwa mzito, mzee aliyedhoofika, anayengoja kupasuliwa: hao wote waweza kuipokea, wakiwa na akili timamu na kuitikia sala wenyewe.

TUSIMSAHAU SARA

Wengi wanapomtaja Rafaeli hukumbuka macho ya Tobiti. Lakini Sara naye alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake haukuonekana. Ulikuwa aibu na shutuma. Alizikiwa waume saba, na badala ya kupewa pole aliitwa mwuaji.

Je, katika vijiji vyetu hakuna akina Sara? Mume amefariki, na kabla matanga hayajaanuliwa mjane ameanza kusemwa kwamba ndiye aliyemmaliza. Huyu aambiwa amemloga, yule kwamba amemwambukiza, ingawa pengine ugonjwa ulitoka safarini na marehemu mwenyewe. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni aitwa mchawi; katika nchi yetu wako vikongwe waliouawa kwa neno hilo moja. Mjakazi wa Ragueli hakumgusa Sara kwa mkono, bali ulimi wake nusura uue. Mungu aliisikia sala ya mwanamke yule kwa saa ileile aliyoisikia ya mzee mwadilifu, wala hakumweka wa pili. Familia ya Kikristo inayomtupia mjane lawama yasimama upande wa mjakazi.

YATUPASAYO

Sikukuu ya Rafaeli iliingizwa katika kalenda ya Kanisa lote na Papa Benedikto XV mwaka 1921, ikaadhimishwa tarehe 24 Oktoba. Tangu matengenezo ya kalenda ya mwaka 1969 twamwadhimisha pamoja na Mikaeli na Gabrieli tarehe 29 Septemba. Jina lake limewekwa juu ya nyumba za wagonjwa katika Afrika yetu ya Mashariki. Mojawapo ni hospitali ya Nsambya, Kampala, iliyoanzishwa na masista Wafransisko mwaka 1903, ikapewa jina la Rafaeli pamoja na la Fransisko.

Hata hivyo, heshima anayoipenda zaidi malaika huyu ni kuigwa. Mgonjwa wa nyumba yako asiende hospitali peke yake kama yuko wa kumsindikiza. Anayemeza dawa kila siku asifichwe wala asinyanyapaliwe. Akumbushwe saa yake kwa upole. Mume na mke wapime pamoja, kama Tobia na Sara walivyosimama pamoja kusali usiku wao wa kwanza. Padre aitwe mapema. Dereva wa safari ndefu aombewe na watu wake, naye aukumbuke mji wake awapo mbali, kwa maana Tobia aliyekwenda ndiye Tobia aliyerudi. Na aliyeponywa amshukuru Mungu mbele za watu, kisha amlipe tabibu haki yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Jina Rafaeli lina maana gani, na latufundisha nini juu ya nani anayeponya?
2. Kwa nini malaika alitumia nyongo ya samaki, badala ya kumponya Tobiti kwa neno tu?
3. Katika ukoo wetu au mtaani kwetu yuko mgonjwa asiye na wa kumsindikiza? Nani kati yetu atakwenda naye, na siku gani?
4. Yuko mjane au mzee tuliyemsema vibaya? Tutamwendeaje?